Barua ya wazi kwa maadmini wa magrupu ya vitabu: mwandishi naye ale nini?

Kwenu maadmini wa magrupu ya vitabu na simulizi, WhatsApp na Telegram,

 

Barua hii naiandika hadharani kwa sababu jambo lililonileta halimhusu admini mmoja wala grupu moja. Kumwandikia mmoja faraghani kungekuwa kumwonea, kwa kuwa mwenzake wa jirani anafanya yale yale.

Nianze kwa kuwapa haki yenu. Zamani si nyingi, mtu wa Kasulu au Kilwa aliyemaliza riwaya usiku alikuwa hana wa kuizungumza naye asubuhi. Leo anafungua simu, anamkuta mwalimu wa Bungoma, mama wa Mwanakwerekwe na kijana wa Muscat aliyelelewa na bibi Mzanzibari, wote wanabishana kama Rosa wa riwaya ya Kezilahabi alistahili mwisho ule. Mabishano hayo mnayaongoza bila mshahara. Mnafuta matangazo ya mikopo ya kausha damu, mnapatanisha waliogombana, mnawakumbusha watu mada. Wizara haijawalipa na chuo kikuu hakijawapa cheti. Fasihi ya Kiswahili ina deni kwenu, na ndiyo maana nawaandikia ninyi kabla ya kuwaandikia polisi, Bunge au wachapishaji.

Sasa nije kwenye shauri lenyewe.

Karibu kila siku mtu huuliza kwenye magrupu haya: "Wadau, mwenye PDF ya Vuta N'kuvute anisaidie." Kabla chai haijapoa, faili limeshatua. Chini yake zinafuata alama za viganja vilivyounganishwa na maneno ya "Mungu akubariki mkuu". Aliyetuma anaonekana mtu mwema, aliyepokea ameridhika, na admini ananyamaza kwa kuwa hakuna aliyetukanwa. Katika shukrani zote hizo asiyetajwa ni Adam Shafi aliyeiandika riwaya hiyo, na Mkuki na Nyota waliogharimia kuihariri na kuichapa mwaka 1999. Kitabu hicho kimesomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na mwaka 2021 Amil Shivji alikitolea filamu. Kitabu chenye sifa zote hizo bado kinagawiwa kana kwamba hakina mwenyewe.

Ninalotaka kusema ni hili: magrupu yenu ni soko ambalo mwandishi wa Kiswahili hajawahi kuwa nalo, lakini kwa jinsi tunavyogawa mafaili, tunafanana na mkulima anayekaanga mbegu kwa sababu msimu huu ana njaa. Wa kulizuia hilo ni ninyi.

Hata hivyo si kila faili ni wizi, na admini anayefuta kila PDF anakosea sawa na anayeziruhusu zote. Kwa hiyo tuyatenganishe.

Yako mafaili ambayo ni halali kabisa kuyagawa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya 1999, inailinda kazi ya mwandishi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kenya nayo, kwa sheria yake ya 2001, inahesabu miaka 50 hiyo hiyo. Shaaban Robert alifariki 1962, hivyo kwa hesabu ya sheria ya Tanzania ulinzi wa maandishi yake ulikoma mwaka 2012 ulipokwisha. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa na utendi wa Mwana Kupona wa karne ya 19 hayana mrithi wa kumdai mtu. Hata hapo liko la kuangalia: utangulizi, maelezo ya maneno magumu na michoro aliyoongeza mhariri wa juzi ni mali ya mhariri huyo. Na jina la mtunzi halifutwi, iwe imepita miaka 50 au 500.

Yako pia mafaili yaliyoachiwa bure na wenyewe. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo, na Kenya taasisi ya mitaala, KICD, ina hazina yake. Kwa vitabu hivi njia nzuri ni kutuma kiungo cha maktaba. Faili lililopakuliwa miaka miwili iliyopita huenda limepitwa na toleo jipya, na mwanafunzi anayesomea mtaala uliobadilika anaumia siku ya mtihani.

Kisha kuna vitabu vilivyo sokoni, vya waandishi walio hai au waliofariki karibuni. Hapa ndipo penye kidonda. Ben Mtobwa alifariki 2008, Elvis Musiba 2010, Euphrase Kezilahabi 2020. Haki za kazi zao ziko kwa warithi na wachapishaji wao, na zitabaki huko kwa miongo kadhaa. Watu wengi hudhani kosa linaanza pale mtu anapouza. Haliko hivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 24, inamtia hatiani hata anayekiuka haki hizi kupitia kompyuta bila nia ya biashara, na faini yake haipungui shilingi milioni 5. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003 na ofisi yake, COSOZA. Bara wako COSOTA, na Kenya wako KECOBO. Siandiki haya ili kuwatisha. Nayataja kwa sababu admini anayejibu "sisi hatuuzi, tunasaidiana tu" anajitetea kwa hoja ambayo sheria imekwisha kuifunga mlango.

Lakini tuiache sheria, tupige hesabu, maana hesabu ndiyo inayoonyesha nani anaumia. Mrabaha wa mwandishi kwa kawaida huzunguka asilimia 10. Tuseme riwaya inauzwa shilingi 15,000. Kwa kila nakala mwandishi anapata 1,500. Zikiuzwa nakala 1,000, amepata milioni moja na nusu kwa muswada aliouandika usiku, baada ya kazi nyingine, pengine kwa miaka mitatu. Grupu moja la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024, na la Telegram linafika 200,000. Sidai kwamba kila anayepakua PDF angenunua kitabu. Wengi wasingenunua, na mchapishaji anayepiga kelele kwamba kila faili ni nakala aliyonyang'anywa anatia chumvi. Chukueni mtu mmoja tu kati ya kila kumi. Grupu lililojaa linatoa wanunuzi 100, na magrupu kumi ya namna hiyo yanatoa 1,000. Kwa mwandishi wetu hilo ni toleo zima. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kitabu cha pili kuandikwa na kutoandikwa.

Kuna wanaosema, waandishi si wana tuzo siku hizi? Ni kweli, ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na ipo ya Safal kwa Kiswahili. Ni jambo la kheri. Lakini tuzo huwafikia wachache mara moja kwa mwaka. Mwandishi anayetegemea tuzo anaandika kwa ajili ya majaji. Anayetegemea wasomaji anaandika kwa ajili yenu.

Kundi linaloumia kuliko yote halina hata mchapishaji. Nawazungumzia watunzi wa simulizi za simu. Hawa huandika sehemu ya kwanza hadi ya kumi bure, halafu wanasema: atakaye mwendelezo atume shilingi elfu moja au mbili kwa namba hii, ataunganishwa kwenye grupu la kulipia. Ni biashara safi kabisa, isiyo na karatasi, isiyo na stoo na isiyohitaji ruhusa ya mtu. Baba zetu walifuatilia hadithi hivyo hivyo kwenye magazeti, wakisubiri toleo lijalo. Sasa tazameni kinachotokea. Mtu mmoja analipa elfu moja, anaingia, anakopi sehemu zote, anafuta jina la mtunzi, anazibandika kwenye grupu lenu akiandika "full simulizi hii hapa, msisumbuke". Baada ya siku mbili mtunzi anaonekana mjinga kwa kuendelea kudai hela. Wengine wanachukua maandishi hayo, wanayasoma kwa sauti, wanayapandisha YouTube na kukusanya watazamaji wao wenyewe. Msomaji analalamika kwamba simulizi nzuri siku hizi zinaishia njiani. Zinaishia njiani kwa sababu mtunzi ameamua kwenda kuuza mitumba, ambako akiuza shati moja halijigawi mara elfu.

Najua majibu yenu, na mengine yana uzito.

Mnasema vitabu havifiki wilayani. Kweli. Miji mingi ya wilaya ina maduka ya stesheneri yanayouza madaftari, kalamu na vitabu vya kiada, lakini riwaya huioni. Mtu wa Ludewa hawezi kupanda basi kuja Dar es Salaam, Mtaa wa Samora, kununua kitabu kimoja. Hili ni kosa la mfumo wa usambazaji, na nitawarudia wachapishaji hapa chini. Lakini siku hizi waandishi wengi wanauza wenyewe kwa simu: unatuma pesa, kitabu kinapakiwa kwenye basi, unakifuata stendi. Kinachogharimu ni nauli ya kifurushi. Vitabu kumi vikisafiri pamoja, nauli hiyo inagawanyika kwa watu kumi.

Mnasema bei ni kubwa. Kwa mwanafunzi ni kubwa, sibishi. Kwa mtu mzima mwenye simu janja, anayenunua bando kila wiki na kuchangia harusi mbili kwa mwezi, tusidanganyane.

Mnasema, "Nimekinunua kwa hela yangu, ni changu." Nakala ile ni yako kweli. Isome, mwazime jirani, iuze ukichoka nayo. Ukimwazima jirani, wewe huna kitabu hadi akirudishe. Ukituma faili, wewe unacho, jirani anacho, na watu 800 msiowajua wanacho. Haki ya kutengeneza nakala hukuinunua pale dukani.

Mnasema vingine havipatikani popote. Hoja hii ndiyo ngumu, na sitaki kuipita juu juu. Vitabu vingi vya miaka ya 1960 na 1970 vilichapwa na mashirika ambayo leo hayapo au yamedhoofu. Ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1948, ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1977. Mtafiti anayetaka kitabu cha enzi hiyo anahangaika kweli, na skani iliyotoka kwenye kabati la mzee mstaafu pengine ndiyo nakala pekee atakayoiona. Kwa vitabu hivi sina ukali. Ninachoomba ni juhudi kwanza: ulizeni maktaba, mtafuteni mwandishi au familia yake, mwombeni ruhusa. Baadhi yao wako kwenye Facebook, na wangefurahi kusikia kwamba kuna mtu bado anakitafuta kitabu chao. Familia ikikubali, tangazeni kwamba imekubali. Ikikataa, heshimuni.

Na wapo wasomaji wasioona. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, umefungua njia ya vitabu kutengenezwa kwa nukta nundu, sauti au faili linalosomeka kwa programu, kwa ajili yao. Hiyo ni haki yao, na inapitia taasisi zinazowahudumia. Asiyeona asifanywe kisingizio cha wanaoona vizuri.

Liko pia la ubora, ambalo wasomaji wenyewe hawalisemi vya kutosha. PDF nyingi za magrupuni zimepigwa picha kwa simu, ukurasa wa 46 umefuatwa na wa 49, kivuli cha kidole kimefunika mistari mitatu, na jalada limetupwa pamoja na jina la mhariri. Mwanafunzi anaisoma hivyo, kisha anakwenda kujibu swali la dhamira kwa kitabu chenye pengo katikati. Mafaili mengine si vitabu kabisa: yana jina la riwaya lakini mwisho wake umeandikwa APK, na anayeyafungua anaiwekea simu yake programu asiyoijua, simu ile ile yenye M-Pesa. Admini anayeruhusu kila faili lipite ameruhusu na haya.

Basi naomba mambo matano.

La kwanza, andikeni kanuni kwenye maelezo ya grupu, kwa maneno machache yasiyo na mizunguko: hapa hatutumi faili la kitabu kilichopo sokoni, wala simulizi ya kulipia. Mwanachama mpya aikute siku ya kwanza anapoingia, asiambiwe baada ya kukosea.

La pili, itumieni mamlaka mliyonayo. WhatsApp imewapa uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote. Faili likiwekwa, lifuteni, kisha mfuateni mhusika inboksi kwa heshima. Msimwaibishe mbele ya watu. Wengi hutuma kwa roho nzuri, na mtu akielezwa vizuri huelewa.

La tatu, swali la "nani ana PDF" lijibiwe kwa namna nyingine. Admini awe na orodha ndogo: kitabu hiki kinapatikana kwa nani, bei gani, kwa namba gani ya biashara aliyoitangaza mwandishi mwenyewe. Duka la vitabu la TPH na Soma Book Café za Dar es Salaam zinajulikana. Kila mji una mtu wake anayeuza vitabu, hata kama ni kwenye meza ya kando ya barabara. Kazi ya kuunganisha msomaji na muuzaji mnaiweza kuliko gazeti lolote.

La nne, nunueni pamoja. Tunachangishana kwa harusi, misiba na maulidi, tena kwa orodha yenye majina na kiasi. Grupu likichagua riwaya moja kwa mwezi na kuagiza nakala 20 kwa mkupuo, mwandishi atapunguza bei bila kuombwa mara mbili. Asiye na uwezo achangiwe, au asubiri zamu ya kuazima. Nakala mbili zikabidhiwe maktaba ya mkoa, kwa kuwa Bodi ya Huduma za Maktaba ina majengo mikoani ambayo rafu zake zina njaa ya fasihi mpya.

La tano, mwalikeni mwandishi. Kitabu kikisomwa, mwiteni saa moja jioni ajibu maswali kwa sauti au kwa maandishi. Watu waliozungumza na mtunzi, wakamsikia akieleza alivyohangaika na sura ya saba, ni vigumu kesho yake kumwibia.

Na ninyi wachapishaji na waandishi mnaosoma barua hii pembeni mkitikisa kichwa kwa kuridhika, msidhani mmesalimika. Msomaji wa bando la shilingi 2,000 hawezi kuwasubiri mpaka mfungue duka Ludewa. Wekeni softikopi zenu sokoni kwa bei inayolipika kwa simu, nafuu kuliko karatasi, kwa utaratibu ambao hauhitaji kadi ya benki. Vichapeni upya vitabu vinavyoulizwa kila wiki, au tamkeni wazi kwamba hamtavichapa tena ili mwandishi achukue haki zake aende kwingine. Wapeni waandishi hesabu ya mauzo kwa wakati, maana mchapishaji anayemnyima mwandishi mrabaha hana ulimi wa kumkemea kijana anayetuma PDF. Mkifanya haya, admini atakuwa na la kumjibu mwanachama wake. Msipofanya, kanuni yake itadumu wiki mbili.

Ndugu maadmini, sisemi mtafute kamera wala askari. Mlango wa grupu uko mikononi mwenu, na kila siku mnaamua kipi kiingie na kipi kitoke. Tangazo la mganga mnalifuta bila kusita. Naomba kazi ya mwandishi ipate ulinzi huo huo. Anzeni wiki hii na kitabu kimoja ambacho grupu lenu linakipenda: futeni nakala ya wizi, tafuteni mwenye kitabu, agizeni pamoja. Kisha waambieni maadmini wenzenu mlivyofanya, na barua hii isambazeni mtakavyo. Hii ndiyo ruhusa yangu.

Wenu katika usomaji,

Msomaji mwenzenu,
Dar es Salaam